Ile Vidio ya Ua la Miiba Nimeitoa

Kama umekuja kutafuta ile vidio yangu ya "kata, panda, sahau", haipo tena. Niliitoa wiki tatu zilizopita, saa nane za usiku, nikiwa nimekaa kwa benchi ya hospitali na simu iko asilimia 6. Wengine mmeniuliza kama akaunti imedukuliwa. Wengine mmesema nimeanza kuringa. Hapana. Nimekuwa nikitafuta namna ya kuieleza hii stori bila kujitetea, na kila nikiandika najikuta nimejitetea. Kwa hivyo leo naandika tu vile mambo yalivyokuwa, na ukiona mahali najitetea, niambie.

Kwa wale wageni, tuanze na ua lenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia milii. Hapa Nakuru wauzaji huliita taji la miiba, wengine husema tu "kaktasi ya maua", ingawa si kaktasi. Lina shina la kijivu kama unene wa kidole, miiba imejaa kutoka chini mpaka juu, majani machache kwenye ncha, halafu maua mekundu madogo yamekaa mawili mawili kama vifungo vya shati. Ukilipa jua la kutosha linachanua karibu mwaka mzima. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Kitu kinachanua tu, hata kama mwenye nyumba hana unga.

Nililinunua kando ya barabara kwa shilingi 350, likiwa kwenye mkebe wa rangi uliokatwa nusu. Mwenye kitalu aliniambia, "Hii msichana wangu hata ukiisahau haiwezi kufa. Wewe weka jua tu." Nilicheka kwa sababu nilihitaji kitu ambacho singeweza kukiharibu.

Huo ulikuwa mwezi wa pili tangu niache chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, kozi ya biashara. Karo ilikwama, nikafungiwa mitihani, na semesta iliyofuata sikurudi. Ningesema ni karo pekee na mngenihurumia, lakini ukweli ni kwamba hata kama mtu angelipa yote siku hiyo, sijui kama ningerudi. Nilikuwa nimechoka kukaa nyuma ya ukumbi nikisikiliza mtu akisoma slaidi ambazo nilikuwa nazo kwa simu. Mathee alilia. Mimi nikafungua akaunti. Mnaonifuata toka mwanzo mnakumbuka nilivyokuwa naanza kila vidio: "Intaneti ndiyo kampasi yangu, na hapa hakuna karo." Mlipenda hiyo. Mimi pia niliipenda, labda kupita kiasi.

Lile ua la kwanza nililiua ndani ya wiki saba. Ati haliwezi kufa. Nilikuwa nalimwagilia kila asubuhi, kikombe kizima, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya asubuhi. Majani yakawa manjano, nikaongeza maji. Shina likaanza kulegea pale chini, nikaongeza maji. Siku nililigusa likalala lote upande mmoja, na pale chini palikuwa pameoza, peusi, laini kama ndizi iliyosahaulika kwa mfuko. Huu ni mmea unaohifadhi maji ndani ya shina lake. Ukiuzamisha kila siku, mizizi inaoza, na juu utaona dalili zilezile za kiu, yaani majani kukauka na kuanguka. Kwa hivyo unaongeza maji. Nadhani wengi wenu mmeua wenu hivyo.

Nikaokoa vijiti vitatu kutoka sehemu ya juu ambayo haikuwa imeoza. Viwili vikashika. Hapo ndipo nikaanza kupata akili. Nikatoboa mashimo chini ya mkebe, nikachanganya udongo na mchanga wa mto, karibu nusu kwa nusu, nikaacha kumwagilia kwa ratiba nikaanza kumwagilia kwa kidole: unazamisha kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, ukihisi unyevu unaondoka, rudi siku nyingine. Wakati wa jua kali kwangu inafika mara moja kwa wiki. Mwezi wa saba, baridi ya Nakuru ikishuka, inaweza kwenda wiki tatu. Mwezi huohuo majani yatapukutika na utadhani limekufa. Subiri. Lakini usitarajie majani kurudi palepale yalipoanguka. Yanatoka kwenye ncha inayokua tu, ndiyo maana maua mengi ya aina hii ukiyaona ni miguu mirefu mitupu na kofia ya majani juu. Ukitaka liwe kichaka, lazima ulikate, litoe matawi pembeni.

Na hapo kwa kukata ndipo shida yangu ilianzia.

Vidio ile ilikuwa sekunde 48. Klipu niliyorekodi ilikuwa dakika 11. Unaona mkono wangu mtupu, kisu cha jikoni, tawi linakatwa, maziwa meupe yanatiririka kwenye miiba na chini ya jua yanang'aa vizuri sana. Halafu kijiti kinaingia kwa udongo, halafu ua limechanua, halafu mimi nikicheka. Kata, panda, sahau. Ilitazamwa mara 40,000 na kitu, na kwa mtu ambaye vidio zake zilikuwa zinafika 900, hiyo ilikuwa sikukuu. Nilinunua kuku.

Kuna kitu sijawahi kuwaambia kuhusu zile dakika 11. Karibu dakika ya nne najikuna kifundo cha mkono, mara mbili, na nasema wazi, kwa sauti yangu mwenyewe, "Hii kitu inawasha aki." Halafu nasimama, naenda kunawa, narudi. Nilikata hiyo sehemu. Ilikuwa inapunguza mwendo. Na pia nilikuwa nimekunja uso, na thambineli yangu ilikuwa ya kutabasamu.

Mmoja wenu aliandika kwenye komenti: "Dada, hayo maziwa ni hatari, vaa glavu, na usiguse macho." Nilimjibu kwa emoji za kucheka na maneno "prof ameingia darasani". Jibu langu lilipata laiki nyingi kuliko onyo lake. Nimelitafuta jina la huyo mtu tangu wakati huo lakini komenti zilipotea pamoja na vidio. Kama ni wewe na bado uko hapa, ulikuwa umesema kweli.

Sasa. Kwa ploti yetu kuna milango minane inayotazamana na mfereji mmoja katikati. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna mama mmoja na binti yake wa miaka sita. Majina yao sitaweka hapa. Huyo mtoto ni rafiki yangu. Akitoka shule anakuja kwa mlango wangu na sare yake, anakaa kwa kiti cha plastiki, anauliza maua yamelala au yameamka. Alikuwa ameitazama ile vidio kwa simu ya mamake mpaka akaijua kwa kichwa, na muziki wake anaimba.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi hivi. Mamake alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa hedfoni, naedit. Mikebe yangu minne ilikuwa chini kwenye veranda, kwa sababu chini ndipo jua la jioni linapofika. Mtoto akachukua simu ya zamani isiyo na laini, akaiegemeza kwa ndoo, akajirekodi akifanya "kata, panda, sahau". Hakuwa na kisu, kwa hivyo alivunja tawi kwa mkono. Ikamdunga, akatoa machozi, na kwa mkono ule ule uliojaa maziwa akapangusa jicho.

Niliyasikia makelele kupita hedfoni.

Tulimnawisha kwa mfereji. Labda dakika mbili. Mama mmoja wa ploti akasema atiwe maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine akasema hapana, mafuta. Mtoto akatulia kidogo, akanywa uji, nikajiambia imeisha. Nilimpigia mamake nikamwambia "amejidunga kidogo na ua". Hivyo ndivyo nilivyosema. Amejidunga kidogo.

Saa tatu usiku jicho lilikuwa limefura, limefunga, mtoto analia akiona hata mwanga wa simu. Tulienda kwa bodaboda, watatu nyuma ya dereva, na njia nzima mamake hakunisemesha. Hospitalini daktari alimtia tone la rangi ya manjano kwenye jicho, akalimulika kwa taa ya buluu, na pale mbele ya jicho palionekana madoa ya kijani pale ngozi ile nyembamba ilikuwa imeungua. Akauliza tulimwosha kwa muda gani. Nikasema dakika chache. Akasema mtu akipatwa na utomvu wa aina hii kwa jicho, ni maji safi yanayotiririka, angalau dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja bila kungoja kuona, kwa sababu huo utomvu una tabia ya kuzidi makali baada ya saa kadhaa. Mtu anadhani amepona, kumbe ndiyo inaanza. Si maziwa, si mafuta, si majani. Maji.

Halafu akauliza ni mmea gani. Mamake mtoto akafungua simu yake, akamwonyesha ile vidio yangu. Sekunde 48 zote tukasimama tukiitazama, mimi nikicheka kwa skrini.

Aliporudisha simu kwa mkoba aliniangalia, akasema, "Shule uliacha, hiyo ni yako. Lakini hata kuuliza pia uliacha?"

Sina jibu la hilo swali hata leo.

Jicho limepona. Naliweka hapa mapema msikae na wasiwasi. Matone ya dawa kila saa chache, kurudi hospitali mara tatu, wiki nzima bila shule akiwa amekaa kwenye giza. Gharama nililipa mimi, kwa pesa ya ileile vidio na zaidi. Kuona anaona. Lakini ilikuwa karibu, na daktari hakuficha hilo.

Ile wiki nilisoma. Nilisoma kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote wa kampasi. Na cha kunichoma zaidi ni kwamba hakuna kilichokuwa siri. Ua hili asili yake ni Madagaska. Jina la milii linatokana na Milius, gavana Mfaransa wa kisiwa cha Réunion, anayesemekana kulipeleka Ufaransa mwaka 1821. Huko Thailand wamelizalisha mpaka likatoa aina za maua makubwa ya kila rangi, na wenye asili ya Kichina huko wanalihusisha na watakatifu wanane na bahati njema, hasa maua yakitoka manane kwa kikonyo. Brazil wanasayansi wamejaribu utomvu wake kama sumu ya konokono wanaobeba kichocho. Rudia hiyo sentensi. Watu wanaangalia kama maziwa yale yanaweza kuua konokono mtoni, na mimi nilikuwa nayaweka kwa vidio nikiyamulikia jua yang'ae.

Hata yale "maua" mekundu si maua. Ni majani mawili yaliyogeuka rangi, na ua la kweli ni kale kadoa kadogo katikati. Ni mchezo ule ule wa ile miti ya majani mekundu tunayoona kwa maua ya Krismasi, ambayo pia ni Euphorbia. Ukoo huu una aina karibu 2,000. Na hapa ndipo nilipopata aibu ya pili, kwa sababu nilipoanza kuangalia picha za ndugu zake, moja niliijua.

Kariaria.

Kama umekulia uzunguni huenda hujui. Kama una shosho, unajua. Ule ua wa vijiti vya kijani visivyo na majani, umezunguka boma, ukivunja kidogo tu unatoa maziwa. Wajaluo wanauita ojuok, Pwani ni mnyaa. Kitaalamu ni Euphorbia tirucalli. Nimekulia ndani ya ua wa kariaria. Nikiwa na miaka minne au mitano nilivunja kijiti, shosho akanishika mkono juu juu, akaniosha kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawaka, akaniambia maneno ambayo kila mtoto wa kijiji kile aliambiwa: maziwa haya yanapofusha. Nilikuwa najua. Miaka yote nimekuwa nikijua. Lakini kariaria ni kitu cha boma la kijijini, na hili langu lilikuwa ua la mjini, jekundu, la shilingi 350, la kwenye vidio. Sikufikiria kuwa ni watu wa nyumba moja.

Nilimpigia shosho nikamweleza. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, kwa Kikuyu lakini nawawekea kwa Kiswahili, "Kwa hivyo kariaria yangu ulikuwa unaipita mbali, ukaenda kununua ya kwako ukaiweka mlangoni kwa watoto wa wenyewe."

Pia nilirudi kwa mwenye kitalu. Nilienda na hasira, nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akakunja mikono ya shati akanionyesha mikono yake yote miwili, madoa ya zamani mpaka kwenye kiwiko. "Hii tunajua," akasema. "Lakini nikianza kumwambia kila mteja, nani atanunua?" Hotuba yangu iliishia hapo. Mimi nilikata sekunde za kujikuna kwa sababu ile ile.

Najua wengi mtasema suluhu ni moja, tupa hayo maua. Mathee amesema hivyo, na landilodi ametuma ujumbe kwa kikundi cha ploti akisema "mimea yenye sumu hairuhusiwi", bila kutaja mtu, lakini mlango wenye mimea ni mmoja. Mimi sikubali, na hapa najua naweza kuwa nakosea. Boma la shosho limezungukwa na sumu miaka nenda rudi na limelea wajukuu sijui wangapi, na hakuna aliyepofuka, kwa sababu kila mtu, mpaka mtoto wa miaka minne, aliambiwa kabla ya kuguswa. Upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru, hapa hapa kwetu, kuna msitu mzima wa Euphorbia kubwa zilizosimama kama vinara vya mishumaa, na hakuna anayesema ufyekwe. Kinachonisumbua mimi si mmea. Ni kwamba ua hili linauzwa, linapewa kama zawadi, linawekwa kwenye veranda za ofisi na makanisa, na mdomo wa kila mmoja wetu umefungwa kuhusu kitu kimoja tu, kwa sababu kinaharibu biashara.

Lakini mikebe nimeitoa chini. Iko juu ya ukuta wa dirisha langu, kimo cha kichwa changu, na nimeifunga kwa waya isianguke. Jua huko juu ni kidogo na limeanza kurefuka likilitafuta. Sawa tu.

Kwa wale mliokuwa mmekata kwa kufuata vidio yangu, hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na nimeandika pole pole makusudi. Ngoja siku watoto hawapo, paka na mbwa pia watoe. Vaa glavu nene, zile za mpira wa kuosha vyombo miiba inazitoboa, kwa hivyo mimi navaa mbili mbili, au nashika tawi kwa gazeti lililokunjwa mara nyingi. Miwani, hata ya jua ya shilingi mia. Kisu safi chenye makali. Kata tawi la urefu wa kiganja, na mara moja chovya pale ulipokata kwenye maji ya baridi au nyunyizia maji, maziwa yatasimama. Pale kwenye mmea mama pia nyunyizia. Halafu, na hii ndiyo nilidanganya kabisa kwenye vidio, usipande siku hiyo. Kijiti nilichokionyesha kikichanua hakikuwa kile nilichokikata, kilikuwa cha miezi iliyopita. Weka kijiti mahali pa kivuli pakavu siku kadhaa, hata wiki, mpaka kidonda kikauke na kufunga. Ukikipanda kibichi kitaoza. Kikishakauka, kiweke kwenye udongo wa mchanga wenye unyevu kidogo tu, usiloweshe, na usikivute kila siku kuangalia kama kimetoa mizizi. Inachukua wiki kadhaa. Nawa mikono kwa sabuni, maji matupu hayatoi utomvu vizuri kwa ngozi. Kisu osha usirudishe jikoni. Gazeti lenye maziwa usiliache kwenye pipa wazi. Usijipanguse jasho.

Na kama imeingia kwa jicho, maji dakika 15, fungua jicho kwa vidole ukiwa chini ya mfereji, halafu hospitali, na usimwambie mtu kwa simu kwamba ni "kidogo".

Haiingii kwa sekunde 48. Nilijaribu kutengeneza vidio mpya, ikafika dakika sita na nusu, na mpaka sasa imetazamwa na watu 312. Bado iko, ni ya kwanza kwenye akaunti.

Ule mwanzo wangu wa "intaneti ndiyo kampasi yangu" nimeuacha. Sijarudi chuo na sina mpango wa kurudi, msianze kuniandikia mathee amefurahi. Ni vile tu nikifungua mdomo kuusema, naiona ile taa ya buluu.

Mtoto alirudi kukaa kwa kiti cha plastiki juzi, dakika tano hivi, mpaka mamake akamwita ndani. Haulizi tena kama maua yameamka. Aliniuliza mbona nimeyapeleka juu, nikamwambia, akasema, "Lakini mimi nishajua." Mamake tunasalimiana, "habari" na "nzuri", basi. Zamani alikuwa akiniita dada. Nguo zake anaanika kwa kamba ya mwisho kule kwa choo, si hii iliyo karibu na dirisha langu.

Sasa naomba kitu kimoja. Ile vidio niliitoa kwangu, lakini watu walikuwa wameihifadhi, na kuna akaunti tatu ambazo nimezipata zimeipandisha upya. Mbili zimekubali kuifuta. Moja haijibu, na huko imeshapita 100,000. Kama unayo kwa simu yako, ifute. Kama umeitumia kwa kikundi cha familia, rudi uwaambie. Na ukiiona mahali popote nitumie kiungo, hata kama ni usiku. Wameiwekea wimbo mwingine, na pale palipokuwa na jina langu wameweka lao, lakini mkono ni wangu, utaujua, hauna glavu.